Nilivyokuwa Katibu wa Wenye Mji

Kwanza tazameni viatu vyenu. Ndiyo, nasema na ninyi mliopangiwa upelelezi mkashangilia kwamba mtavaa nguo za kiraia. Mtu amevaa fulana iliyochakaa, kofia kaigeuza nyuma, ndevu kaziacha wiki nzima, halafu chini ana kiatu cheusi kinang'aa mpaka unaweza kujitazama meno. Nani atakuamini? Mimi nilikuwa askari kanzu zaidi ya miaka thelathini, Mbeya na Iringa, na sasa nimestaafu, nalima viazi vyangu hapa Uyole na kugombana na kuku wa jirani. Mjukuu wangu ananiambia, "Bibi, siku hizi kuna kamera, mambo ya viatu yamepitwa." Haya, sawa. Lakini hata kamera haimfichi mtu asiyejua kujificha.

Mimi mwenyewe nilianza kwa aibu, na nitaisema ili msidhani nawaonea. Kazi yangu ya kwanza ya siri ilikuwa hapahapa sokoni Uyole. Nijifanye muuza viazi, nimwangalie dereva mmoja wa lori tuliyemshuku kwa magendo. Nikajifunga kitenge, nikapanga ndoo zangu, nikaita wateja pamoja na wauzaji wenzangu hadi sauti ikakauka. Nikajiona nimeiva. Saa nne hivi gari la mkuu wetu likapita barabarani. Jamani, mwili una akili zake! Nilishtukia nimesimama wima, visigino vimegongana, mkono wa kulia uko kwenye paji la uso, na mkono huohuo umeshika kindoo cha viazi. Vyote vikanimwagikia kichwani.

Soko zima likageuka kunitazama. Mama mmoja wa Kisafwa aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kwa upole kabisa, "Afande, hivi viazi vyako unauza, au ni vya serikali?"

Yule dereva aliondoka mchana uleule, na Uyole hakuonekana tena.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa Afande Chengula, Mkinga mmoja mfupi, mpole, asiyepaza sauti hata akikanyagwa. Nilidhani atanifukuza. Akasema, "Nenda Igawa, kwa mama lishe mmoja ninayemfahamu, ukaoshe vyombo wiki mbili. Usipeleleze kitu. Ukirudi bila mtu kukuita afande, umefaulu." Nikaenda. Nikaosha masufuria ya wali, nikatukanwa na madereva, nikajifunza kutembea kama mtu aliyechoka kweli. Hapo ndipo nilipojua kwamba tatizo langu lilikuwa kiburi. Askari akitukanwa hugeuka kumtazama aliyemtukana. Muosha vyombo hageuki, anaendelea na sufuria yake.

Jambo jingine alilonifundisha Chengula ni kukumbuka maneno bila kuandika. Unachukua pindo la kitenge, kila mtu anayesema neno la maana unamkunjia mkunjo mmoja. Mkunjo wa kwanza ni wa yule mwenye kikohozi, wa pili ni wa mwenye koti. Ukifika nyumbani unafungua mkunjo mmoja mmoja, na maneno yao yanarudi. Mnacheka, najua. Jaribuni kwanza.

Sasa niwape kisa ambacho wenzangu hunisifia, na mimi mwenyewe kinaniuma hadi leo.

Nilikuwa nimehamishiwa Iringa, na Chengula naye kule. Uchaguzi wa madiwani ulikuwa unakaribia. Akapata habari kwamba pale Mlandege kuna wanaume saba na katibu wao wanakutana kila Alhamisi saa kumi, chumba cha nyuma cha ghala la mbao. Wanajiita Wenye Mji. Mwenyekiti wao alitaka udiwani, na njia aliyoichagua ilikuwa hii: wawaambie watu kwamba Wahindi wenye maduka wanaficha sukari ili bei ipande, watu wapandwe na hasira, duka moja lichomwe moto, halafu yeye ajitokeze kuwa mtetezi wa wanyonge. Huyo mwenyekiti jina lake sitalitaja. Ana watoto, na watoto wake hawakukaa kwenye vikao vile.

"Ni watu wa maneno tu, au wana nia?" Chengula akasema. "Hilo ndilo nataka ujue. Wanahitaji mtu wa kuwapelekea chai."

Nikaingia kwa jina la Mama Neema, muuza chai na vitafunwa. Mpango mzuri, ila una kasoro moja. Mimi Subilaga, binti wa Tukuyu niliyelelewa kwenye migomba, kupika sijui. Mama yangu alikata tamaa nikiwa na miaka kumi. Alhamisi ya kwanza niliwapelekea maandazi niliyoyakaanga mwenyewe. Mwenyekiti akachukua moja, akaligonga mezani, ko, ko, ko.

"Mama Neema," akasema, "haya tuwekee akiba. Tukishinda uchaguzi tutajengea zahanati."

Wakacheka wote, nami nikacheka, lakini Chengula hakucheka nilipomsimulia. Muuza chai asiyejua kukaanga andazi atashtukiwa mara moja. Ikabidi nitafute mtu wa kunipikia.

Mkabala na ghala lile, ng'ambo ya barabara, palikuwa na duka la kona, na mwenye duka ni Bi Jamna. Mhindi, mjane, umri wake kama wangu huu wa sasa. Mbele aliuza khanga, sabuni na nyembe, na nyuma uani alikaanga kachori na bhajia za kuuza jioni. Nilipoingia mara ya kwanza nilimwamkia Kiswahili, akaniitikia Kihehe. "Kamwene!" Nikabaki nimeduwaa, mimi Mnyakyusa. Akanitazama juu mpaka chini.

"Wewe si wa hapa," akasema. "Mimi ni wa hapa. Karibu Iringa."

Nikamweleza shida yangu. Akanicheka mpaka akakaa chini. "Mwanamke mzima! Andazi tu linakushinda? Mama yako hajambo?" Kuanzia hapo kila Alhamisi saa tisa na nusu nikawa naenda kuchukua kachori zake thelathini, za moto, na chatne ya pilipili kwenye kikopo. Nakatiza barabara, naingia ghalani, naziweka mezani mbele ya watu waliokaa kupanga namna ya kumchomea duka.

Maana lilikuwa duka lake. Hilo nililijua Alhamisi ya tatu.

Na walizila, wanangu! Wakalamba vidole. Mmoja mnene, mwenye koti la kahawia, alikuwa akifumba macho kabisa. "Hiki ndicho chakula chetu sisi wenye mji," akasema. "Siyo mabirianimabiriani ya watu wa kuja." Mimi nimesimama na birika la chai, uso mkavu, ndani nataka kupasuka. Wakati huo niliona kichekesho tu. Nilikunja mkunjo wa koti la kahawia, nikamsimulia Chengula, tukacheka wote wawili ofisini mpaka machozi yakatutoka.

Ucheshi ni kinga nzuri katika kazi hii, ila nao una hatari yake. Siku moja Mwenyekiti aliniambia, "Mama Neema, wewe nawe Mnyakyusa ni mtu wa kuja. Awamu ya kwanza tunaondoa Wahindi, awamu ya pili ni ninyi!" Wakaangua kicheko, nami nikacheka pamoja nao, tena kwa sauti. Nilipofika chumbani kwangu nikajiuliza, mbona kicheko kile kilinitoka kirahisi hivyo? Kwetu tuna utani, Mhehe na Mngoni wanatukanana hadharani mpaka mgeni anadhani watapigana. Lakini mtani wako ndiye anayekuja kukuchimbia kaburi ukifa. Wale hawakuwa watani. Walikuwa wanajaribu tu maneno yao yatanikaa vipi mwilini, na mimi nikayapokea nikicheka.

Sasa sikilizeni lililotokea, maana hili hamtalikuta kwenye mafunzo yenu. Mwenyekiti yule alikuwa mtu wa utaratibu. Aliwahi kuwa katibu wa chama cha ushirika, na vikao vilimwingia damuni. Njama ya kuchoma duka, lakini inafunguliwa kwa sala. Kuna agenda, kuna mahudhurio, kuna yatokanayo na kikao kilichopita, kuna mengineyo. Anayetaka kusema ananyoosha mkono. Ukimkatiza mwenzako unaonywa. "Kikao bila muhtasari ni kijiwe," alikuwa akisema. "Sisi si vijana wa kijiweni."

Alhamisi ya nne katibu wao akaaga, amepata kazi Makambako. Mwenyekiti akauliza nani ataandika muhtasari. Mmoja miwani kaisahau, mwingine mkono unamuuma, wa koti la kahawia akasema mwandiko wake hata yeye mwenyewe hausomi. Mwenyekiti akanigeukia mimi niliyekuwa nakusanya vikombe.

"Mama Neema, ulifika darasa la ngapi?"

"La saba, Mwenyekiti."

"Hebu andika hapa, 'Kikao kilifunguliwa saa kumi kamili.'"

Nikaandika. Karatasi ikazunguka meza nzima, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Anayeunga mkono? Mikono saba juu. Hivyo ndivyo polisi alivyochaguliwa kwa kura zote kuwa katibu wa njama.

Chengula aliposikia alishika ukuta. Mtu asiyepaza sauti siku hiyo alipiga yowe la kicheko. "Subilaga," akasema akijifuta macho, "umri wangu wote huu sijaona mwizi anamwajiri askari amwandikie anachoiba." Tukaona kazi imekwisha. Muhtasari unaandikwa, kikao kinachofuata unasomwa, unathibitishwa, wajumbe wanatia saini. Ushahidi gani zaidi ya huo?

Alhamisi ya tano ndiyo walipoamua. Sikuhitaji kukunja pindo la kitenge, nilikuwa na kalamu mkononi mbele ya macho yao. Waliamua iwe Jumamosi ya wiki iliyofuata, mchana, watu wakiwa wametoka kwenye mkutano wa kampeni na wamepandishwa hasira. Petroli itafichwa nyuma ya mbao. Waanzie mlango wa nyuma, uani. Mmoja akauliza, "Na yule bibi? Jumamosi mchana si hulala chumba cha nyuma?"

Mwenyekiti akasema, "Akisikia moshi atatoka. Asipotoka, shauri yake."

Wa koti la kahawia akasogeza sahani ya kachori.

Nikaenda nyumbani, nikaandika muhtasari kwa mwandiko wangu bora, Ijumaa asubuhi nikaupeleka kwa Chengula nikiwa nimenyoosha shingo. Aliusoma polepole. Akaurudia. Kisha akanisomea kwa sauti, nami nakumbuka kila neno kwa sababu niliyaandika mimi: "Agenda namba nne. Wajumbe walijadili kwa kina suala la duka la kona, na kuazimia kwamba hatua stahiki zichukuliwe siku ya Jumamosi kwa kutumia vifaa vilivyopo. Kuhusu usalama wa mhusika, ilikubaliwa kwamba ni jukumu lake mwenyewe. Agenda namba tano, mengineyo. Wajumbe walipata vitafunwa."

Akaiweka karatasi mezani.

"Hatua stahiki ni nini? Wanampaka rangi?"

"Kuchoma, Afande."

"Vifaa vilivyopo?"

"Petroli."

"Mbona petroli siioni?"

Nikasema, na aibu yake ninayo mpaka leo, "Niliona... neno petroli halikai vizuri kwenye muhtasari, Afande."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema, "Hakimu akisoma hii atawapa hongera. Wana heshima zao mjini, na neno lako peke yako litapambana na la watu saba. Hapa umewafulia nguo, Subilaga. Zilikuwa na damu, ukazifua, ukazipiga pasi."

Shuleni nilikuwa wa kwanza katika Kiswahili. Mwalimu alinisifia insha zangu. Nilipopewa kalamu, mkono wangu ukafanya ulichofundishwa, kutafuta neno la heshima. Sikukusudia kuwasaidia. Lakini mtu aliyelala chumba cha nyuma atasaidiwa nini na makusudi yangu?

Kilibaki kikao kimoja tu, Alhamisi, siku mbili kabla ya moto. Nilimwomba Chengula tumwonye Bi Jamna. Akakataa. Akifunga duka watajua, watahamia duka jingine tusilolijua. Yeye Chengula ataweka askari waliovaa kiraia karibu, basi. Alhamisi ile nilipoenda kuchukua kachori, nikikwepa kumtazama usoni, Bi Jamna alikuwa akizihesabu ndani ya gazeti.

"Hao wageni wako wanazipenda sana, eh?" akasema. "Waambie waje wale hapa uani, zikiwa zinatoka kwenye mafuta. Nitawawekea viti."

"Nitawaambia," nikamjibu.

"Mbona hivyo? Unaumwa?"

"Mafua tu, Bi."

Akaniongezea kachori mbili bure, za mafua, akasema tangawizi iliyomo itanitibu. Mama weee. Nilikatiza barabara ile sioni mbele.

Kikao kikafunguliwa kwa sala. Agenda ya pili ni kuthibitisha muhtasari uliopita. Nikasimama. Karatasi niliyokuwa nayo niliiandika upya kwa mkono uleule, ila safari hii agenda namba nne sikuacha neno; mengineyo nikayanakili yalivyokuwa. Nikasema, "Mwenyekiti, nisamehe. Mara ya kwanza niliweka maneno makubwamakubwa, nikaona mimi wa darasa la saba nisije nikawapotosha. Nimeandika vile mlivyosema wenyewe."

"Ndivyo inavyotakiwa," akasema. "Soma."

Nikasoma. Fulani akasema petroli lita tano ifichwe nyuma ya mbao. Fulani akasema atavunja mlango wa uani. Fulani akauliza kuhusu bibi anayelala chumba cha nyuma. Mwenyekiti akasema, akisikia moshi atatoka, asipotoka shauri yake. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mtu mwingine. Nilipomaliza nikasubiri mtu arushe kiti.

Wa koti la kahawia akanyoosha mkono.

"Marekebisho, Mwenyekiti. Ukurasa wa kwanza. Mimi sikusema lita tano. Nilisema kumi."

Naapa kwa Mungu, ndivyo alivyosema! Mwenyekiti akauliza, "Wajumbe mnakumbukaje?" Wakakumbuka kumi. "Katibu, rekebisha." Nikarekebisha. Mwingine akasema ameandikwa amefika kwa kuchelewa, kumbe alitoa udhuru. Nikarekebisha. Wa tatu akataka isomeke wazi kwamba wazo la mlango wa uani lilikuwa lake, siyo la jirani yake. Nikarekebisha hilo nalo. Kila mmoja anataka haki yake kwenye karatasi. Hivyo ndivyo tulivyolelewa kwenye vikao vyetu, wanangu, mtu atasamehe yote ila kuandikwa vibaya.

Kisha akanyoosha mkono Fundi Saimoni. Huyu alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, aliyeingia kwenye kundi kwa sababu ghala lile lilimpa mbao kwa mkopo. Alikuwa ameinamisha kichwa tangu nilipoanza kusoma.

"Mwenyekiti, shelfu za duka lile nilizipigilia mimi," akasema. "Yule mama alinipa chai siku zote nane za kazi ile. Wiki iliyopita nilisikia mnaongea, nikaona ni maongezi. Leo nimesikia yakisomwa." Akainua kichwa. "Naomba iandikwe kwamba Saimoni hakubali."

"Saimoni, unavuruga kikao."

"Sivurugi. Naomba iandikwe tu. Ni haki ya mjumbe."

Na kweli ni haki ya mjumbe, Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyewafundisha hivyo. Akakunja uso, akasema, "Katibu, andika." Mzee mmoja pembeni akasema, "Na mimi." Kisha mwingine. Nikaandika majina matatu.

Hapo Mwenyekiti akanigeukia. "Mama Neema, leo mwandiko wako umekuwa mkali."

Nikakumbuka Igawa. Muosha vyombo hageuki. Nikachukua sahani, nikaisogeza mbele yake. "Kula kwanza, Mwenyekiti, zinapoa." Akazitazama kachori. Akachukua moja, akaichovya kwenye chatne, akatafuna, na kwa sababu watu watatu wamempinga na yeye si mtu wa kupingwa, akavuta karatasi kwa mkono uleule wenye mafuta. "Wasiokubali wasikubali. Muhtasari umethibitishwa." Akatia saini. Waliobaki watatu wakatia saini baada yake.

Ijumaa alfajiri wanne wale walikamatwa, na petroli ilikutwa nyuma ya mbao. Lita kumi, kama ilivyorekebishwa. Mahakamani karatasi ile ilipitishwa mkono kwa mkono, na karibu na saini ya Mwenyekiti palikuwa na alama ya kidole cha mafuta ya kachori. Walifungwa. Fundi Saimoni na wenzake wawili walisimama mashahidi.

Wakanipongeza. Chengula akanipa mkono. Lakini Bi Jamna alikuwa amekaa mahakamani siku zote, sari yake nyeupe ya ujane, na alinisikia nikitaja jina langu la kweli na kazi yangu. Jumapili nikaenda dukani. Nilidhani atanishukuru. Ona upumbavu wa mtu!

Alikuwa anafuta shelfu. Hakugeuka.

"Alhamisi tano," akasema. "Ulikuja hapa, ukabeba chakula changu, ukawapelekea."

"Nilikatazwa kukuambia, Bi."

"Najua. Nimesikia hakimu. Ulifanya kazi yako." Akaendelea kufuta. "Wanasema nirudi kwetu. Nimezaliwa hapo nyuma, chumba kilekile walichotaka kuchoma. Majivu ya mume wangu nimeyatia mto Ruaha hapo chini. Nirudi wapi, mama? Nimfuate mtoni?"

Nikamsogezea ndoo ya maji.

"Walizipenda kweli?" akauliza baadaye. "Kachori?"

"Walizipenda mno. Mmoja alisema ndicho chakula cha wenye mji."

Akatabasamu kidogo, halafu tabasamu likakatika. "Na wewe uliandika nini? Nilisikia mahakamani. 'Wajumbe walipata vitafunwa.' Petroli uliandika ya nani, mlango uliandika wazo la nani. Chakula hukuandika cha nani."

Nilisimama pale na mikono yangu miwili. Alinifungia kachori kwenye gazeti kama kawaida, akanipa, akaniambia niende. Niliendelea kumtembelea hadi nilipohamishwa kurudi Mbeya, na hatukulitaja tena. Alifariki miaka michache iliyopita. Nilipanda basi nikaenda, nikasimama na waombolezaji ukingoni mwa Ruaha walipokuwa wakimimina majivu yake, na Fundi Saimoni alikuwepo, amezeeka, kofia mkononi.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha ujumbe kwenye kundi lao la simu. Umeandikwa vizuri, Kiswahili safi, hakuna tusi hata moja. "Wasio wa asili yetu wachukuliwe hatua stahiki." Chini yake vidole gumba vingi. Nikamuuliza, hatua stahiki ni nini? Akasema, "Aa, Bibi, ni maneno tu." Nikamwambia aandike kwenye kundi swali hilohilo, hatua gani, nani atafanya, siku gani, na nani analala chumba cha nyuma. Akasita kidogo, lakini aliandika. Watu wanne wakajitoa kwenye kundi, na mwenye ujumbe akaufuta.

Nawaachia hilo, ninyi mnaoanza. Viatu mtanunua vingine. Ila mimi bado nina marekebisho yangu, na kwa kuwa kikao kile hakitakaa tena, nayafanya hapa.

Ukurasa wa pili, agenda namba tano, mengineyo. Palipoandikwa "Wajumbe walipata vitafunwa," pasomeke: Wajumbe wote saba, na katibu, walilishwa na Bi Jamna, mzaliwa wa Mlandege.